Usadikifu wa Hadithi za Kutisha za Analogi: Kutoka Redio ya 1938 hadi Intaneti

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, bila shaka umewahi kukutana na hukumu hii katika majibu ya fasihi: hadithi fulani haisadikiki kwa sababu mambo yanayosimuliwa hayawezi kutokea. Kwa miaka mingi niliitolea alama bila kusita. Nilianza kuitilia shaka likizo moja ya Agosti, mpwa wangu wa Kidato cha Tatu aliponionyesha video fupi katika simu. Kituo cha runinga cha mji fulani nchini Marekani, chaneli ya 58, kinakatiza matangazo yake ili kutoa ilani ya hali ya hewa. Raia wanaonywa wasitazame angani usiku huo. Punde si punde, ilani nyingine inaipinga ya kwanza na kuwahimiza watoke wautazame mwezi. Hakuna zimwi wala damu. Kijana alijua fika kwamba mwezi haumdhuru mtu, na hilo halikumsumbua. Alichoniuliza ni hiki: "Mjomba, kituo hiki kilikuwepo kweli?"

Hakikuwepo. Kilibuniwa na Kris Straub, ambaye alianza kutoa video hizo mwaka wa 2015 kwa jina la Local 58, na ni kutokana nazo utanzu mzima ulipata jina la kitisho cha analogi. Hata hivyo, litazame swali la mpwa wangu kwa makini. Hakushuku tukio. Alishuku chombo kilichomletea tukio hilo. Nadhani hapo ndipo penye siri ya usadikifu wa hadithi hizi, na historia yake ni ndefu kuliko intaneti.

Sisi tunaofundisha fasihi simulizi tuna njia rahisi ya kulielewa jambo hili. Ngano huanza kwa fomyula. Fanani akisema "Paukwa!" nawe ukaitikia "Pakawa!", mmekwisha kuafikiana kwamba kinachofuata ni ubunifu, na sungura akisema hushtuki. Linganisha na kile kisa cha Pwani kuhusu mwanamke mrembo anayeomba lifti usiku, kisha dereva anagundua ana kwato miguuni. Kisa hicho hakina paukwa. Huanza kwa "rafiki ya kaka yangu", na hiyo ndiyo nguvu yake yote.

Tarehe 30 Oktoba 1938, Orson Welles, wakati huo kijana wa miaka 23, alitangaza katika redio ya CBS mchezo uliotokana na riwaya ya H. G. Wells ya 1898 kuhusu uvamizi wa viumbe kutoka sayari ya Mirihi. Howard Koch, aliyeuandika, aliwahamisha wavamizi kutoka Uingereza hadi kijiji cha Grover's Mill, New Jersey. La maana zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya mchezo ilivishwa umbo la taarifa za habari zinazokatiza muziki wa dansi. Mwigizaji Frank Readick, aliyeigiza mwanahabari, alijiandaa kwa kusikiliza rekodi ya mtangazaji halisi aliyeshuhudia ndege ya Hindenburg ikiteketea Mei 1937. Sauti yake inakatika katikati ya sentensi, kisha kimya. Mwanzoni ilitangazwa wazi kwamba huu ni mchezo. Hiyo ndiyo paukwa yao, lakini aliyefungua redio kwa kuchelewa hakuisikia. Magazeti ya kesho yake yaliandika kana kwamba taifa zima lilikimbia; watafiti wa baadaye wameonyesha kwamba hofu hiyo ilitiwa chumvi mno. Kwa upande mwingine, kilichotokea Quito, Ecuador, mnamo Februari 1949 hakihitaji chumvi. Redio ya huko iliigiza hadithi hiyo hiyo. Umati ulipotambua kuwa umedanganywa, uliliteketeza jengo la kituo, na watu wakafa.

Uingereza nayo ilipata zamu yake tarehe 31 Oktoba 1992. BBC ilionyesha Ghostwatch, tamthilia ya Stephen Volk kuhusu nyumba yenye pepo, ikiwa imerekodiwa miezi kadhaa kabla lakini ikijifanya matangazo ya moja kwa moja. Aliyeiongoza studioni alikuwa Michael Parkinson, mtangazaji halisi aliyeheshimika, akiigiza nafsi yake. Nambari ya simu iliyoonyeshwa ilikuwa ya kweli. BBC haijairudia hewani tangu hapo.

Sasa angalia mwelekeo. Welles alitumia chombo kilichoaminiwa zama zake. Volk vivyo hivyo. Mbona basi Straub alikimbilia runinga iliyokufa? Jibu langu ni kwamba chombo kilicho hai siku hizi huhakikiwa kwa dakika moja. Kanda ya 1987 utaihakiki wapi? Isitoshe, mwaka huo huo wa 1987, mwezi wa Novemba, mtu aliyevaa kinyago cha Max Headroom aliyavamia matangazo ya vituo viwili vya Chicago usiku mmoja, na hajajulikana hadi leo. Kwa hiyo hadithi hizi zinaegemea jambo ambalo limewahi kutokea.

Kwetu Kenya, matangazo ya analogi yalizimwa mwaka wa 2015, mwaka ule ule wa Local 58. Watahiniwa wa leo hawakumbuki zile chenga zilizochemka kwenye kioo wakati mtu yuko juu ya paa akizungusha antena. Chenga hizo zina kazi ya kisanaa. Kanda ya VHS hubeba takriban mistari 240 tu ya picha, hivyo ukungu wake huficha mishono. Kane Parsons alikuwa na miaka 16 alipotoa filamu fupi ya The Backrooms Januari 2022, akitumia kompyuta kuiga kamera ya miaka ya 1990. Picha ingekuwa safi, udanganyifu ungeonekana.

Siyasifu yote. Nyingi za kazi zilizofuata huharibika pale zimwi linapoanza kujieleza, au historia ya kituo inapojaa maelezo hadi mtazamaji anasoma faharasa badala ya kuogopa. Ilani ya hali ya hewa haina sababu ya kujieleza kwa mtu yeyote, na ikianza kufanya hivyo, taharuki huisha.

Kwa hiyo nimebadilisha usahihishaji wangu. Mtahiniwa akiandika kwamba hadithi haisadikiki, namuuliza pambizoni: nani anasimulia, kwa chombo gani, na paukwa iko wapi? Akijibu hayo kwa mifano, alama zake namwekea, hata kama hatimaye anashikilia kwamba haisadikiki.