Gari ya 1990 na gari ya 2005 kwenye mstari mmoja: mbio zinakuwa namna gani za haki?

Ku garaji za Goma, Bukavu ao Uvira, swali la kwanza linakuwaka moja tu: «Ile gari ni ya mwaka gani?» Jibu linabadilisha bei, linabadilisha piesi utakazotafuta, na linabadilisha hata namna fundi anakuangalia. Gari mbili zinaweza kuwa na jina moja na sura moja, lakini ukifungua moteri unakuta ni vitu viwili tofauti.

Sasa fikiria watu wanataka kushindana mbio na hizo gari mbili, siku moja, kwa kikombe kimoja. Mwenye gari ya zamani atasema anaonewa. Mukimusaidia, mwenye gari mpya atasema yeye ndiye anaadhibiwa juu alinunua gari nzuri. Kule Marekani ugomvi huu una miaka zaidi ya ishirini, na kuna mengi ya kujifunza ndani yake.

Gari moja, moteri tofauti

Mbio tunazozungumzia zinaitwa Spec Miata. Si mbio za matajiri wa televisheni. Ni za watu wa kawaida wenye kazi zao: fundi, mwalimu, mwenye duka. Wanatengeneza gari juma nzima, kiisha wanashindana siku ya mwisho wa juma kwa makuta yao wenyewe. Zilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2006 zikaingia kati ya madaraja ya kitaifa ya klabu yenye kuitwa SCCA, iliyoanzishwa 1944. Klabu nyingine, NASA, nayo inaziandaa. Hii NASA si ile ya roketi, ni ya magari tu.

Gari yenyewe ni Mazda MX-5 Miata, gari ndogo ya viti viwili iliyoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza kule Chicago mwezi wa pili 1989. Ilichaguliwa juu ni nyepesi, haikuwa bei kali, na moteri yake haisumbui. Sheria inakubali modeli za 1990 mpaka 2005, kuacha 1998, kwa sababu Marekani haikuuziwa modeli ya mwaka ule.

Shida iko hapa: kwa ile miaka yote kiwanda hakikulala. Modeli za 1990 mpaka 1993 zina moteri ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 116. Mwaka 1994 ikaja moteri ya lita 1.8, farasi 128, na 1996 ikapanda mpaka 133. Modeli ya 1999 ilikuja na mwili mpya na farasi 140. Ile ya 2001 ikapata namna mpya ya kufungua vali, na hesabu ikafika 142.

Hata hizo namba hazitoshi kuamua. Modeli ya 2001 ilitangazwa kwanza kuwa na farasi 155, kiisha kiwanda chenyewe kikarekebisha mpaka 142. Njo maana wenye kuandika sheria za mbio wanapandisha gari kwenye mashine ya kupima nguvu, ile yenye magurudumu yanazunguka pahali pamoja, kuliko kuamini karatasi ya muuzaji.

Chombo cha kwanza: kilo

Njia ya zamani kabisa ya kusawazisha ni uzito. Gari yenye nguvu inabebeshwa vyuma, gari yenye nguvu kidogo inaachwa nyepesi. Katika Spec Miata kila modeli ina uzito wake wa chini kabisa, na unapimwa pamoja na shoferi ndani, mara tu mbio zinaisha. Modeli za moteri 1.6 ndizo zinaruhusiwa kuwa nyepesi kupita zingine.

Lakini kilo peke yake haiwezi kumaliza kazi. Tufanye hesabu ya mfano. Gari ya farasi 116 yenye kilo 1,030, shoferi akiwa ndani, kila farasi mmoja anavuta karibu kilo 8.9. Ukitaka gari ya farasi 140 ifanane naye kwa kilo tu, lazima uipeleke karibu kilo 1,245. Hiyo ni kubebesha watu wazima watatu ndani ya gari ya viti viwili. Freni zitachoka, tairi zitaisha mbio, na kwenye kona ile gari itakuwa kama camionnette yenye imejaa mihogo. Utakuwa umeondoa shida moja na kuleta tatu.

Chombo cha pili: hewa

Kwa hiyo wanaongeza chombo kingine: sahani ya chuma yenye tundu, yenye inawekwa pale hewa inaingia ku moteri. Tundu likiwa dogo, hewa inapungua, na bila hewa mafuta hayawezi kuungua vizuri. Nguvu inashuka.

Sisi wa Kivu tunajua jambo hili hata bila sahani. Ziwa Tanganyika liko karibu meta 770 juu ya bahari, Ziwa Kivu karibu meta 1,460. Shoferi anayetoka Uvira kupanda Bukavu anasikia gari inachoka, hata kama mzigo ni ule ule. Hewa ya juu ni nyembamba. Moteri isiyokuwa na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila meta 300 unazopanda. Ile sahani ni sawa na kupandisha gari moja mlimani na kuacha nyingine chini ziwani, huku zote ziko kwenye barabara moja.

Sahani na kilo hazibani pahali pamoja. Kilo zinaumiza kila wakati: kuanza, kusimama, kukata kona. Sahani inaumiza zaidi pale moteri inazunguka sana, kwenye mstari mrefu. Chini, wakati shoferi anatoka kwenye kona pole pole, moteri ya 1.8 bado inavuta vizuri kupita ya 1.6. Njo maana komite inachanganya vyote viwili, kidogo kidogo, na kuweka sheria ya tairi moja kwa wote ili pasiwe mlango mwingine wa kutafuta faida.

Kwa nini usawa kamili haupatikani

Sababu ya kwanza ni barabara. Kiwanja cha Road America, kule Wisconsin, kina kilometa 6.5 na mistari mirefu. Lime Rock, kule Connecticut, kina kilometa 2.4 tu. Gari nyepesi yenye moteri ndogo inaweza kufurahi kwenye kiwanja kimoja na kulia kwenye kingine. Ukisawazisha kwa kimoja, umeharibu kwa kingine. Komite inatafuta katikati, na katikati haimpendezi mtu yeyote kabisa.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi: nani alishinda, gari ao shoferi? Kama modeli ya 1999 imechukua kikombe mara tatu, labda iko na nguvu kupita kiasi. Lakini labda mashoferi wazuri wote waliinunua juu walisikia ni nzuri, na sasa inashinda juu yao. Ukiongeza kilo hapo, unaadhibu kipaji cha mtu.

Sababu ya tatu ni ujanja. Mtu mwenye anajua kwamba anapimwa anaweza kujificha. Anaendesha pole kidogo, analalamika sana, anangoja apunguziwe kilo. Siku ya fainali, mguu unafika chini. Kwa hiyo komite yenye akili haiangalii matokeo peke yake. Inaangalia vipimo vya mashine, mbio za gari kwenye mstari, na nyakati za watu wengi kwa viwanja vingi.

Nani anaamua, na nani anafungua moteri

Katika SCCA, mshindani mwenye lalamiko anaandika barua. Komite ya mbio inaisoma na inajibu, na mabadiliko makubwa yanapitishwa na viongozi wa klabu. Kila mwezi wanatoa karatasi yenye kuitwa Fastrack, na ndani yake unaona barua zilizoingia na majibu yake. Hata mwenye amekataliwa anajua alikataliwa wapi.

Lakini sheria nzuri bila kontrole ni maneno tu. Mwaka 2014, fainali za kitaifa zilikuwa Laguna Seca, California. Baada ya mbio za Spec Miata, wakaguzi wakafungua moteri. Magari kadhaa yaliyomaliza mbele yakaondolewa ku matokeo, kwa sababu kichwa cha moteri kilikuwa kimeguswa kupita vile sheria iliruhusu. Mashindano yote yakatikisika. Mafundi wengine wakasema maneno ya sheria hayakuwa wazi, na ile sehemu ikaandikwa upya.

Tuangalie vizuri ile shida. Sahani ya tundu moja na kilo zilizopangwa zinategemea kwamba kila moteri ya modeli ile ni sawa na mwenzake. Mmoja akichonga kwa siri, namba ambazo komite inasoma zinakuwa za uongo. Kiisha komite inaongeza kilo kwa modeli nzima juu ya mshindi mmoja. Mwenye kulipa ni yule mwenye hakuchonga kitu.

Makuta ya nani?

Hapa ndipo jambo linagusa maisha. Wanunuzi wengi wa gari ya 1.6 waliichagua kwa sababu mfuko uliwaruhusu. Sheria ikimuacha nyuma, gari yake inashuka bei, na yeye anaacha mbio ao anakopa ili anunue modeli mpya. Malalamiko ya watu wa 1.6 ni ya miaka mingi. Upande mwingine, magari ya zamani yanazeeka na piesi nzima zinapungua, na klabu isiyokaribisha modeli mpya itakufa pole pole. Kusawazisha miaka ni kulinda aliyekuja zamani bila kufunga mlango kwa anayekuja leo.

Majirani zetu wana njia nyingine. Katika rally za Uganda na Rwanda, zenye zimekuwa kwenye ubingwa wa Afrika, magari yanagawanywa kwa vikundi, na kila kikundi kina mshindi wake. Njia hiyo ni rahisi na inapunguza kelele. Lakini inataka magari mengi: mukiwa kumi na wawili tu na vikundi sita, kila mutu anarudi nyumbani na kikombe na hakuna aliyeshindana.

Kama siku moja vijana wa mji wako watataka kupanga mbio za gari ao za moto, pahali pamefungwa na pana usalama, waanze na maswali matatu kabla ya kuwasha moteri. Tutapima nini, na kwa mizani ya nani? Nani atafungua moteri ya mshindi, hata kama mshindi ni ndugu ya mwenye kupanga? Na mwenye kushindwa ataandika lalamiko lake wapi, na nani atamujibu? Hayo matatu yaandikwe na yasomwe mbele ya wote kabla ya mbio ya kwanza.