Safu ya Lugha: Mwaka-nuru si muda

Siku hizi utamsikia mtu akilalamika kwamba barabara ya mtaani kwake itakamilika “baada ya miaka-nuru”. Hapo neno limepotoshwa. Mwaka-nuru ni umbali: njia inayokatwa na nuru kwa mwaka mmoja, takriban kilomita trilioni 9.5. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, iko umbali wa miaka-nuru 4.2. Anayetaka muda mrefu ana karne, ana dahari.

Kosa lenyewe linaeleweka, kwani Kiswahili kina mwendo, neno linalobeba njia na wakati pamoja. Mkazi wa Kangemi akisema kwao ni mwendo wa dakika 40 kutoka katikati ya jiji la Nairobi, amepima njia kwa saa. Umbali na masafa havina wakati ndani yake. Ila dakika za matatu hurefuka foleni ikikaza Westlands, ilhali kasi ya nuru katika ombwe ni ileile kwa kila anayeipima, awe ametulia au anakwenda mbio. Mwaka 1905 Albert Einstein alilishikilia hilo, na ikabidi urefu na muda ndivyo vibadilike. Mwaka 1908 Hermann Minkowski, aliyewahi kumfundisha, akaunganisha mahali na wakati katika jiometri moja. Hata mita, tangu 1983, hufafanuliwa kwa nuru.

Basi wahariri, andikeni “umbali wa miaka-nuru”, kamwe si “baada ya miaka-nuru”.