Siku Moja Qurtuba kwa Miguu

Jina la Qurtuba wengi wetu tumelisikia kwenye mawaidha: Waislamu walitawala Uhispania, wakajenga, wakafukuzwa. Hapo msemaji hunyamaza, watu wakasikitika, wakaenda zao. Lakini mji wenyewe upo, waitwa Córdoba, na sehemu yake ya kale ni ndogo, mtu aweza kuizunguka kwa miguu tangu asubuhi mpaka magharibi. Wacha tuizunguke basi.

Tuanzie kusini, darajani. Mto huu Wahispania wauita Guadalquivir. Litamke polepole utasikia Kiarabu: al-Wadi al-Kabir, mto mkubwa. Daraja lilijengwa na Warumi, Waislamu wakalitengeneza, na waliokuja baadaye wakalitengeneza tena. Ng'ambo utaona ukuta mrefu wa mawe usio na madaha. Huo ndio msikiti mkuu.

Aliyeuanza ni Abdurrahman wa Kwanza, yule kijana wa Bani Umayya aliyenusurika Bani Abbas walipoipindua dola yao mwaka 750 na kuwachinja jamaa zake. Alikimbia kutoka Sham, akapita Afrika Kaskazini, na mwaka 756 akawa amiri wa Qurtuba. Msikiti aliuanza mwaka 785. Ingia ndani uone: nguzo mbele, nguzo nyuma, nguzo kila upande. Zilizobaki zapita 850. Juu yake ni matao yaliyopandana mawili mawili, jiwe jeupe kwa tofali jekundu. Nguzo za mwanzo zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, na zilikuwa fupi. Mafundi walitaka paa liwe juu, ndipo wakapandisha tao juu ya tao.

Sasa nenda mpaka kwenye mihrabu. Hii ni kazi ya al-Hakam wa Pili, aliyetawala 961 hadi 976. Alipotaka kuipamba alimwomba mfalme wa Constantinople, Mkristo, amletee fundi wa nakshi za vioo. Fundi akaja na mizigo ya vipande vyake. Zile aya za Qurani zinazometameta pale zimetokana na ufundi huo. Hili kwenye mawaidha hulisikii!

Ukigeuka, katikati ya nguzo kumesimama kanisa zima. Mfalme Ferdinand wa Tatu aliuteka mji mwaka 1236 na msikiti ukafanywa kanisa, lakini jengo lile la katikati lilianzwa mwaka 1523, nguzo zikang'olewa kulipisha. Baraza la mji, Wakristo watupu, lilipinga, lakini mfalme Charles wa Tano akatoa idhini. Mpaka leo ni kanisa kuu la Wakatoliki na Muislamu haruhusiwi kuswali humo. Adhuhuri ikikukuta mbele ya mihrabu, utasimama uangalie tu. Mwaka 2010 kikundi cha watalii Waislamu kilijaribu kuswali, wakazozana na walinzi, polisi wakaitwa. Inauma, hakuna haja ya kuficha.

Lakini kabla hujatoka, kumbuka habari ya kengele. Mwaka 997 al-Mansur, waziri aliyeshika madaraka yote, alivamia Santiago, mji mtukufu kwa Wakristo wa kaskazini. Inasimuliwa kuwa alizibeba kengele za kanisa lao kwa mabega ya mateka wa Kikristo, zikafanywa taa za msikiti huu. Ferdinand alipoingia mwaka 1236, akazirudisha kule kule kwa mabega ya mateka wa Kiislamu.

Na ni al-Mansur huyo huyo aliyeingia kwenye maktaba ya al-Hakam, ambayo waandishi wa kale waliitaja kuwa na vitabu 400,000, akatoa vitabu vya falsafa na vya nyota vikachomwa moto, apate kuwaridhisha wanazuoni. Baada yake fitina ikalipuka, Waislamu kwa Waislamu, kuanzia 1009. Mji wa kifalme wa Madinat az-Zahra, kilomita kama nane kutoka hapa, ukaporwa na kuvunjwa. (Huko nenda siku nyingine, kwa miguu ni mbali.) Ukhalifa ukafa mwaka 1031. Ferdinand alikuja miaka mia mbili baadaye.

Alasiri pita vichochoro vya mtaa wa Mayahudi. Kuna sinagogi ndogo ya mwaka 1315, na karibu yake sanamu ya Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa mjini humu. Jamaa zake walihama baada ya Muwahhidun kuuteka mji mwaka 1148, na hao walikuwa Waislamu.

Ukifuata ukuta wa mji utamkuta Ibn Rushd, naye ni sanamu, ameshika kitabu. Alikuwa kadhi wa Qurtuba, na kitabu chake cha fiqhi, Bidayatul Mujtahid, wanafunzi wanakisoma hadi leo. Mwaka 1195 Muwahhidun hao hao walimhamishia Lucena na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Baadaye alisamehewa, akafariki Marrakesh mwaka 1198. Akazikwa huko, kisha mwili wake ukarudishwa Qurtuba. Ibn Arabi alikuwapo, akaona walivyompakia: jeneza upande mmoja wa mnyama, na upande wa pili, ili mzigo ulingane, vitabu alivyoviandika.