TUJUE TULIKOTOKA, Sehemu ya 4: Kutoka mmeza upanga hadi akili mnemba

Juzi mama mmoja aliniuliza, "Sista, mwaka mzima nakunywa dawa za vidonda vya tumbo, hiyo kamera ya nini tena?" Leo namjibu kwa historia.

Mwaka 1868, kule Ujerumani, Dk. Adolf Kussmaul alitaka kuona tumbo la mtu aliye hai. Akamtafuta mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza upanga, akammezesha bomba la chuma. Bomba lilipita, ila mwanga haukutosha. Mwaka 1957, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, akaja na mpira unaopinda wenye nyuzi za kioo za kupitisha mwanga. Unajua nani aliumeza kwanza? Yeye mwenyewe!

Basi macho yakafika tumboni. Ikabaki shida ya kutambua. Kansa ya tumbo haizuki siku moja. Mara nyingi huanza na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa Australia na Barry Marshall na Robin Warren, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Akikaa miaka bila kutibiwa, ukuta wa tumbo huvimba, hukonda, kisha seli zake huanza kubadilika. Hiyo bado si kansa, na wengi hawafiki huko. Lakini alama zake ni ndogo, hata jicho la daktari mzoefu linaweza kuzipita.

Mwaka 2018, watafiti wa Japani walitoa majibu ya programu ya akili mnemba waliyoifundisha kwa picha zaidi ya 13,000 za kansa ya tumbo. Ikapewa picha mpya 2,296, ikazimaliza kwa sekunde 47! Kati ya sehemu 77 zenye kansa, ikaona 71. Sita zikaipita. Tena sehemu 161 zisizo na kansa ikaziita kansa. Wengine wameendelea kufundisha programu zitambue hata zile hatua za kabla ya kansa.

Kwa hiyo mashine inanyoosha kidole tu. Daktari ndiye anayeangalia, anachukua kinyama kidogo, maabara inathibitisha.

Ila mama, si Kussmaul wala akili mnemba anayeona tumbo la mtu aliyebaki nyumbani. Ukiona unakonda bila sababu, choo cheusi, unatapika damu au chakula kinakwama, usiongeze dawa za dukani. Njoo hospitali.

Tukutane sehemu ya 5.