Karatasi za Nyumba za Jinja
Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia wenye uraia wa Uingereza siku 90 waondoke Uganda. Hata waliokuwa raia wa Uganda walipangishwa foleni kuthibitisha uraia wao, na wengi walipokonywa kwa madai kwamba walichelewa kuukana ule wa Uingereza. Cheti cha kuzaliwa Jinja hakikuwaokoa. Sheria ya 1982 ilipowaruhusu kudai mali, aliyeko Leicester aliweza kumtuma mtu mwenye hati ya uwakili iliyogongwa muhuri. Nani Jinja angeitambua saini yake baada ya miaka kumi? Ndiyo sababu, nionavyo, hati za kughushi zilipenya. Katika Main Street majina ya Kihindi bado yamechongwa juu ya maduka. Wapangaji chini hubishania kodi alipwe nani.