Gamba la Nyoka Chini ya Mlima Meru

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Gamba la Nyoka, ilichapishwa Arusha mwaka 1979, ijapokuwa mandhari yake ni ya Ziwa Viktoria, na mwandishi mwenyewe alizaliwa Ukerewe. Inasimulia wanakijiji wanaotakiwa kuyaacha makazi ya wazee wao na kuanza maisha upya katika kijiji cha ujamaa. Wengi wameisoma kama hukumu juu ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Usomaji huo si wa makosa, ila huianza historia katikati. Anayeisoma chini ya Mlima Meru hana budi kurudi nyuma hadi 1951.

Mwezi Novemba mwaka huo, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki. Tume ya Jaji Mark Wilson ilikuwa imependekeza ardhi ile iunganishwe na mashamba ya walowezi wa Kizungu yaliyo baina ya Meru na Kilimanjaro. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikafa. Watu walielekezwa Kingori, na wengi wao wakakataa kwenda. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alilifikisha shauri lao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurejeshwa wakati ule, lakini kilio cha Wameru kilizitia nguvu harakati za uhuru wa Tanganyika.

Ni ajabu, basi, kwamba nchi iliyolilia Engare Nanyuki iliwahamisha mamilioni ya raia wake miaka ishirini na ushei baadaye. Tusiyachanganye mambo haya mawili. Mkoloni alichukua ardhi kwa misingi ya rangi. Serikali huru ilikusudia kuwafikishia wote shule, maji na zahanati. Hata hivyo hoja moja ilijirudia: kwamba mhamishaji ayajua manufaa ya mhamishwaji kuliko mhamishwaji mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka, walisema wahenga, akiona ung'ongo hushtuka. Mkulima anayeamriwa kuondoka hukumbuka kwanza kaburi la babaye, migomba yake na kisima chake. Nia njema ya mwenye amri huja baadaye, ikiwa itakuja.

Kumbukumbu za New York zimetuhifadhia tarehe na hesabu za Meru. Riwaya hutuhifadhia kitu kingine: ubishi wa ndani ya nyumba, hofu ya wazee, na mashaka ya vijana wasomi wanaoitetea siasa wasiyoijua kwa vitendo. Mwanahistoria anahitaji vyote viwili.

Nyoka hujivua gamba mwenyewe, wakati wake ukifika, akichunwa, hufa. Vivyo hivyo, kuanza upya ugenini kwaweza kuwa neema kwa aliyeulizwa akaridhia. Kwa asiyeulizwa, hata penye maji na barabara, huo ni uhamisho tu.