Kovu Kwenye Mkoba wa Mama

Fundi aliugeuza mkoba juu chini, akaunusa kama mtu anayekagua samaki sokoni, kisha akapitisha kidole gumba pale mshikio ulipong'oka. "Hii si kazi ya siku hizi, mama," akaniambia. "Hii ngozi iliiva kwa magome."

Nilikuwa nimempelekea mshikio tu. Kibanda chake kiko upande wa chini wa mji wa Nakuru, njia ya kuelekea Bondeni, kati ya muuza simu na mama wa chapati, na wateja wake wengi huleta viatu vya shule. Mkoba ulikuwa wa mama yangu. Una rangi ya chai ya strungi, na mbele, chini ya kifuniko, una kovu: mistari miwili iliyokutana kama V iliyolegea. Ni chapa ya chuma cha moto. Ng'ombe aliyevaa ngozi hiyo alikuwa na mwenyewe. Nilipokuwa msichana nililionea kovu hilo haya, maana mama za wenzangu walibeba mikoba inayong'aa. Sasa mama hayupo, na ndilo ninalolitazama kwanza kila nikiufungua.

Kabla ya reli, ngozi katika Bonde la Ufa ilikuwa kazi ya wanawake. Wanawake wa Kimaasai waliiwamba ngozi ardhini kwa vijiti, wakaikwangua nyama na manyoya, wakaipaka mafuta na kuisugua kwa mikono mpaka ikalegea kama kitambaa. Ilikuwa nguo, kitanda, na pia mahali pa kushonea shanga. Juu kwenye msitu wa Mau, Waogiek walishona mavazi ya ngozi za perere, na walikuwa na mifuko ya ngozi ya kubebea asali. Kwa hiyo mtu akiniambia mkoba wa ngozi ni kitu cha Wazungu, huwa namuuliza hiyo asali ilibebwa na nini.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Miaka minne baadaye ukaja mkataba wa 1904, ambao uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 ukaja wa pili, wa kuwatoa huko Laikipia nako. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa bila madai yenyewe kusikilizwa, kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa kama wa dola mbili, hivyo hauhusu mahakama za koloni. Nchi ikabaki kwa masetla, na ng'ombe wakaanza kupigwa chapa za herufi za wenye mashamba. Ngozi nazo zikawa mizigo: zilikaushwa juani, zikafungwa mabunda, zikashuka kwa gari moshi hadi Mombasa na kupanda meli. Mwendo huo, ngozi kutoka bila kutengenezwa na bidhaa kurudi na bei, umedumu kuliko gari moshi lenyewe.

Babu yangu aliingia hapo kupitia farasi. Alikuwa kibarua kwenye shamba la setla kati ya Njoro na Molo, na kazi aliyofundishwa ilikuwa kurekebisha matandiko na hatamu. Alishona kwa sindano mbili na uzi mmoja. Unatoboa tundu kwa kijisumari chenye mpini wa mbao, unapitisha sindano ya kulia, kisha ya kushoto katika tundu lile lile, unavuta zote mbili kwa nguvu sawa. Uzi aliupaka nta ya nyuki kwanza, ili uteleze na usioze. Faida yake ni hii: ushono wa cherehani ukikatika sehemu moja, uzi hulegea na kufumuka mbele na nyuma. Ushono wa babu ukikatika hapa, pale pengine unashika bado, kwa sababu kila tundu limefungwa na nyuzi mbili.

Nilicheka peke yangu siku niliposoma kwamba Hermès ya Paris, ambayo mikoba yake inauzwa kwa bei ya shamba, ilianzishwa mwaka 1837 ikitengeneza hatamu na vifaa vya farasi, na kwamba mafundi wake hadi leo hushona kwa mkono kwa sindano mbili na uzi wenye nta. Mkoba wao maarufu wa Birkin ulitoka mwaka 1984. Babu alikuwa ameujua ushono huo miaka mingi. Hakuna aliyemwita msanii, na mshahara wake ulilipwa pamoja na posho ya unga.

Ngozi yenyewe ililetwa na baba. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha ngozi hapa Nakuru, na jioni alirudi na harufu ambayo sabuni haikuiondoa. Yeye ndiye aliyenieleza kazi inavyokwenda. Ngozi mbichi hufika na chumvi, huoshwa, hulowekwa kwenye chokaa mpaka manyoya yaachie, hukwanguliwa, ndipo huivishwa. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya magome, na kwetu Kenya magome ni ya wati, mti wa asili ya Australia ambao Wakikuyu huuita muthanduku. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, ukaenea katika mashamba ya Wakikuyu na baadaye kule nyanda za Eldoret, watu wakiuza magome kwa ajili ya tanini yake. Njia hii ni ya polepole, wiki hata miezi, na hutoa ngozi ngumu yenye rangi ya udongo ambayo hung'aa zaidi kadiri inavyoshikwa. Ya pili ni ya chumvi za kromu, iliyosajiliwa na Augustus Schultz huko Marekani mwaka 1884. Hiyo humaliza kwa siku moja au mbili, na ngozi hutoka laini, mbichimbichi kwa maji, ya buluu kabisa.

Hiyo ya buluu ndiyo iliyokuwa ikijazwa kwenye makontena. Ngozi ikifika hapo haiozi tena, kwa hiyo inaweza kusafiri hadi Italia au India ikatiwe rangi na kushonwa. Mwenye kuifikisha buluu hupata kidogo, mwenye kuimalizia ndiye hupata. Na wanunuzi walikuwa wakali. Walitaka ngozi isiyo na doa, na ng'ombe wetu hulala penye miiba, huumwa na kupe, hupigwa chapa ubavuni, pale pale penye ngozi nzuri kuliko zote. Maafisa wa mifugo walihubiri miaka mingi kwamba chapa ipigwe shavuni au mguuni chini. Mfugaji naye alitaka ionekane kutoka mbali, mwizi asijidanganye. Mimi simlaumu.

Kipande chenye V kilikuwa cha daraja la chini, ngozi ya magome ya kutengenezea soli. Baba alikinunua kwa bei ya mfanyakazi mwaka 1986. Babu, wakati huo macho yameanza kufifia, alikishona kwa miezi miwili. Angeweza kulikata lile kovu au kulificha nyuma, lakini ngozi isingetosha kifuniko.

Miaka ya 1990 soko lilifunguliwa. Viatu na mikoba ya mitumba vikaja kwa marobota, ngozi mbichi zikatoka nje kwa wingi, viwanda vya ndani vikakosa ngozi na wanunuzi kwa pamoja. Baba alipewa barua siku ya Ijumaa. Baadaye serikali ilikuja kuweka kodi kubwa kwa ngozi mbichi zinazouzwa nje, ikafika asilimia 80, lakini kwa baba hiyo ilikuwa habari ya redioni tu.

Mama aliutunza mkoba bila dawa yoyote ya dukani. Vumbi, na Nakuru ina vumbi la kutosha, alilifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukilowa aliuanika kivulini, kamwe si juani wala karibu na jiko la makaa, kwa sababu ngozi ikikaushwa haraka hukakamaa na kupasuka penye mikunjo. Mara mbili kwa mwaka aliupaka mafuta ya kukamulia ng'ombe, kidogo tu, akisugua kwa vidole mpaka yakapotea. Ndani alijaza kurasa za Taifa Leo zilizokunjwa usije ukabonyea, na aliuhifadhi ndani ya foronya kuukuu. Kwenye mfuko wa nailoni ungeshika koga.

Januari 2008, tulipoukimbia mtaa wetu usiku, ndio kitu pekee alichobeba. Ndani mlikuwa na vitambulisho, vyeti vyetu vya kuzaliwa, cheti changu cha KCSE na hati ya kishamba cha Njoro. Masika yalitukuta bado kwenye mahema ya Uwanja wa Maonyesho, matope hadi kwenye godoro. Karatasi zilibaki kavu. Mama alilalia mkoba huo kama mto, na mshikio ulianza kulegea hapo.

Haya yote sikumwambia fundi. Nilimwambia tu kwamba ni wa mama.

"Nikuwekee kipande kipya hapa mbele?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya V. "Ninayo ngozi safi, haina alama."

"Acha hapo, mzee. Mshikio tu."

Akatikisa kichwa, akauchunguza tena ushono wa ukingoni, akahesabu matundu kwa midomo. "Aliyeshona hii yuko wapi?"

"Alikufa '94."

"Basi mimi nitatumia matundu yake," akasema, akaanza kuvuta uzi juu ya donge la nta. "Mia tano. Rudi Alhamisi."